VAR: nyota mbili kutoka kwa mshika kibendera wa Busia

Mwaka wa kumi na moja huu nashika kibendera katika viwanja vya Busia, mechi za mitaa na za shule. Mstari tunauchora kwa majivu, na kibendera changu ni kitambaa chekundu kwenye kijiti cha mwanzi. VAR, yaani refa anayekagua matukio kwa video, sijawahi kuifanyia kazi, ligi yetu ya Uganda haina. Ninaitazama kila wikendi kwenye kibanda kilicho karibu na maegesho ya malori, kiingilio shilingi 1,000. Picha ikiganda, watu hunigeukia mimi: "Refa, hebu tuambie, bao au si bao?"

Haki yake naipa. Mkono ndani ya boksi, rafu iliyofichwa nyuma ya migongo ya mabeki, refa hawezi kuyaona yote. Hapo VAR inasaidia.

Kinachoniuma ni kibendera. Sisi tulifundishwa kwamba aliyeotea, yaani aliyewatangulia mabeki kuelekea goli mpira ulipopigwa kwake, akishaucheza, nyanyua. Wenzetu wa Ligi Kuu ya Uingereza, VAR ilipoingia msimu wa 2019/20, wakaambiwa kama bao linanukia wasubiri shambulio liishe, ili wakiwa wamekosea video iwasahihishe. Ukiisikia hivyo unaiona busara. Lakini wachezaji wanaendelea kukimbia kwa nguvu zote, wanarukiana na kugongana, na mchezo wenyewe umeshakufa.

Tarehe 11 Mei 2025, Nottingham Forest na Leicester, matokeo 2-2 na mechi inakaribia kwisha. Anthony Elanga alikuwa ameotea, hata sisi kwenye mabenchi ya mbao tuliona. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Kule kibendera kikabaki chini. Elanga akapeleka mpira mbele ya goli, Taiwo Awoniyi, yule Mnigeria, akaufuata kwa kujirusha, akajibamiza tumbo kwenye nguzo. Baadaye tukasikia amefanyiwa upasuaji wa dharura na kuwekwa kwenye usingizi wa dawa. Mama anayekaanga chapati mlangoni alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Akaniuliza, "Huyo mtoto wa watu, mbona hawakusimamisha mpira mapema?" Nilikosa la kumjibu. Mwezi mmoja kabla ya hapo ligi hiyo ilikuwa imeanza kutumia mitambo mipya ya kupima kuotea. Mitambo ilikuwepo, na kibendera bado kikasubiri.

Halafu kuna ile mistari iliyochorwa kwenye picha kupima kuotea kabla ya mitambo hiyo mipya. Kamera zikipiga picha 50 kwa sekunde, mtu anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata. Kwa miaka kadhaa mabao yalifutwa kwa ncha ya kiatu au kwapa, kwa kipimo ambacho chenyewe kiliyumba kuliko hiyo ncha. Mimi nikiwa na shaka namwachia mshambuliaji. Ndivyo nilivyolelewa kwenye kazi hii.

Na video nayo inasomwa na watu. Tottenham na Liverpool, tarehe 30 Septemba 2023: Luis Díaz wa Liverpool akafunga, kibendera kikanyanyuka kimakosa, video ikaonyesha hajaotea. Refa wa video akadhani uwanjani wamekubali bao, akasema ukaguzi umekwisha. Mpira ukaanzishwa tena, na kanuni haziruhusu kurudi nyuma. Liverpool wakalala 2-1. Picha walikuwa nayo, kilichokosekana ni watu wawili kuelewana kwa maneno. Mimi na refa wa kati huku Busia tunatazamana machoni, basi.

Kwenye kibanda bao likiingia siku hizi watu hawaruki. Wanashika vichwa na kusubiri, dakika mbili, tatu, jenereta likinguruma nje na hakuna anayejua kinachokaguliwa. Kijana mmoja wa bodaboda aliondoka kabla ya uamuzi kutoka kwa sababu abiria alikuwa anamwita. Bao la timu yake lilikubaliwa akiwa ameshafika mpakani.

Nyota mbili kati ya tano. Ya tatu nitaiongeza siku wale wenzangu watakaporudishiwa ruhusa ya kunyanyua mara tu wanapoona. Jumapili nina mechi ya shule, na kibendera nimeshakifua.