WordPress kwa picha za vinyago: tovuti nzuri inayokata pembe

Karakana ndogo ya uchongaji inayotaka tovuti yake, iwe Kampala au Jinja, itahudumiwa vizuri na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Programu yenyewe ni ya bure. Unacholipia ni jina la tovuti na nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Ukihama kampuni ya seva, unaondoka na picha zako zote.

Ila mipangilio yake ya mwanzo haimfai mchongaji. Kila picha unayopakia hutengenezewa kijipicha cha mraba, pikseli 150 kwa 150, kwa kukata kingo. Kichwa cha ng'ombe wa Ankole kinapoteza ncha za pembe, na pembe ndizo mnunuzi anazozitafuta. Bao la mweso, lenye safu nne za mashimo manane, linabaki na mashimo pungufu ya 32, na anayeujua mchezo ataona bao bovu. Fungua mipangilio ya midia, uondoe tiki kwenye kisanduku cha kukata vijipicha. WooCommerce, nyongeza ya WordPress ya kufungulia duka, nayo hukata mraba, chagua zisikatwe. Picha za zamani hazitajirekebisha zenyewe, mpaka uweke programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, kama Regenerate Thumbnails.

Tatizo la pili ni uzito. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 huwa na MB 3 hadi 5. WordPress huihifadhi ilivyo, kisha huongeza nakala ya pikseli 2560 na nyingine sita ndogo. Faili nane kwa picha moja! Vinyago hamsini vyenye picha sita kila kimoja vitajaza seva ya bei nafuu upesi. Punguza kwanza upande mrefu hadi pikseli 2000 kwa Squoosh, programu ya kupunguza picha inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kupeleka picha popote, na uishushe hadi KB 300 au 400. Mteja wa bando dogo atashukuru. Faida nyingine: taarifa za mahali picha ilipopigwa, ambazo WordPress huziacha kwenye faili ya awali, zinafutika.

Usipakie kamwe picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Imeshabanwa, na alama za patasi, zinazoonyesha kwamba kazi ni ya mkono, zimegeuka ukungu. Mwambie mpigapicha aitume kama faili.

Hata hivyo, hakuna mpangilio utakaookoa picha mbaya. Hapa kwetu ikweta jua la saa sita liko utosini. Macho na midomo ya sanamu huzama kivulini. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, au barazani, mwanga ukitoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele hufuta michongo. Kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinavutia ukikitandika nyuma ya kinyago, lakini rangi yake humeza mbao za kahawia. Kitumie kwa vinyago vya mfenesi wa manjano, vingine vipe kitambaa cha kijivu. Na mfenesi huo, kama mvule, hubadilika rangi: ukiwa umetoka tu kupigwa msasa ni wa manjano, baadaye huwa kahawia. Ukiuza kwa picha ya siku ya kwanza, mteja ataona umemtumia kitu kingine. Piga upya kabla ya kuuza.

Picha sita zatosha: mbele, mgongoni, mbavu zote mbili, chini ya kitako, na moja ya karibu. Ya kitako wengi huiruka, nayo ndiyo yenye ukweli, maana huko ndiko kiini cha gogo, nyufa na matundu ya wadudu huonekana. Ufa uliofichwa hupanuka kinyago kikifika kwenye nyumba kavu zenye hita huko Ulaya, na hapo hasara ni yako. Mstari wa maelezo uwe na jina la mti, kimo kwa sentimita na uzito kwa kilo, ili mteja aweze kuuliza gharama ya usafirishaji kabla ya kulipa.