TL-WR844N kwenye nyumba ya mawe Bagamoyo: modi iliyonifaa na zile nilizoziacha

Ninaitumia ruta ya TP-Link TL-WR844N nyumbani kwetu Mji Mkongwe, Bagamoyo, na nimeiendesha kwa modi zake zote nne, yaani namna zake za kufanya kazi: ruta, aksesi pointi, ripita na WISP. Watu wakiniuliza habari zake huanza na bei, kisha antena, kisha ile 300 Mbps iliyoandikwa kwenye boksi. Ya modi haulizi mtu, na kwa nyumba kama yetu hiyo ndiyo iliyoamua kama pesa imekwenda mahali pake.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Unene wa ukuta ni wa kutosha mtu kukaa dirishani akanywa kahawa bila kubanwa. Faiba inaingilia sebuleni upande wa barabarani, kwenye kisanduku cha mtoa huduma ambacho tayari ni ruta na kina waifai yake. Sebuleni na barazani, ambako kaka ana steshenari ndogo, mambo ni mazuri. Ukivuka ua kwenda vyumba vya nyuma, simu inaonyesha kijistari kimoja, na mlango ukifungwa hata hicho kinatoweka. Huko ndiko anakolala mdogo wangu anayesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Kazi zake ni za ngoma na maigizo, anarekodi na kupandisha video nzito, kwa hiyo kwake kasi ya kupandisha ina uzito kuliko ya kushusha.

Fundi aliyekuja alinishauri hivi: "Kaka, weka ripita tu, waya wa nini siku hizi?" Ushauri huo nimeusikia kwa wengi, basi nikaanza nao. Katika modi hii ruta huipokea waifai ya kisanduku na kuirusha mbele, haina waya wowote ila wa umeme. Kuifunga ni rahisi mno: unachagua jina la waifai mama, unaweka nenosiri lake, basi. Simu ya mdogo wangu ikajaa mistari yote. Lakini video zilipanda kwa kujikokota, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Mistari inayoonekana kwenye simu ni ya mawasiliano kati ya simu na ripita, haisemi chochote kuhusu ripita na kisanduku. Halafu TL-WR844N ina redio ya 2.4 GHz peke yake, yaani bendi (masafa) moja tu. Redio hiyo hiyo inapokea, kisha kwenye chaneli ile ile inarusha, haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kasi inapungua kwa karibu nusu hata pasipo na ukuta wowote. Hilo si kosa la kifaa hiki, ndivyo ripita yoyote ya bendi moja inavyofanya kazi.

Ukilazimika kuitumia, angalia pa kuiweka. Usiipeleke chumba ambacho waifai haifiki, kwa maana haiwezi kurusha kisichoifikia. Iweke katikati, mahali ambapo simu bado inapata ishara nzuri kutoka kwa ruta mama. Kwetu hapo katikati ni ua, pana mvua na jua, hapafai kitu cha umeme.

Modi ya ruta niliijaribu kwa waya, kutoka mlango wa LAN (wa kuungia vifaa vya ndani) wa kisanduku hadi mlango wa WAN (wa kuingizia intaneti) wa TL-WR844N. Kasi ilikuwa safi. Tatizo likawa jingine: ruta mbili, kila moja inagawa anwani zake, yaani namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao. Kisanduku chetu kinatoa zinazoanza na 192.168.1, hii ya nyuma ikatoa zake za 192.168.0. Nyumba moja ikawa na mitandao miwili. Mdogo wangu akitaka kuchapa karatasi kwenye printa ya dukani, simu haioni printa yoyote, hali wote wanatumia faiba ile ile. Na yeyote anayechagua modi hii akitarajia kuwatenga wageni ajue kwamba aliye nyuma ya ruta ya pili bado anaweza kuvifikia vifaa vya mtandao wa mbele akijua anwani zake. Anayekingwa ni aliye nyuma. Mimi naona modi ya ruta ina nafasi yake pale tu faiba au modemu inapoishia kwenye kifaa kisichogawa anwani.

Tukahamia aksesi pointi, na hapo ndipo tulipo mpaka leo.

Waya ni ule ule, ila sasa TL-WR844N inaacha kugawa anwani na kazi hiyo inabaki kwa kisanduku peke yake. Yenyewe inageuza waya kuwa waifai, hakuna zaidi. Printa ikaonekana kutoka vyumba vya nyuma, video zikapanda kama mtu aliye sebuleni. Nimeipa jina la waifai na nenosiri sawasawa na vya kisanduku, simu inahama yenyewe mtu anapovuka ua. Chaneli nimezitofautisha, kisanduku kiko 1 na hii iko 11, kwa sababu kwenye 2.4 GHz chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana.

Kazi kubwa ilikuwa kupitisha waya. Mama alitoa sharti moja: "Mwanangu, mlango wangu wa nakshi asiuguse mtu na drili." Tukapandisha waya juu, ukafuata boriti za dari, ukashukia upande wa nyuma kwenye tundu la zamani la nyaya za umeme. Tulitumia waya wa mtandao wa aina ya Cat5e. Kiwango kinaruhusu hadi mita 100, nyumba yetu haifiki hata nusu yake. Siwezi kusema waya ni pambo. Lakini kuta hizi zilijengwa zidumu, na wimbi la redio linachoka nazo mapema, kwa hiyo kwa yeyote mwenye nyumba ya mawe ningesema avute waya kabla hajanunua ruta ya bei kubwa zaidi.

Jambo la kujua mapema: ukishabadili modi, ruta inajizima na kuwaka, na anwani uliyozoea kufungulia mipangilio inaweza isifunguke tena, kwani sasa nayo imepewa anwani na kisanduku. Jaribu tplinkwifi.net ukiwa umeungwa nayo, au tazama orodha ya vifaa kwenye ruta mama. Pia udhibiti wa watoto na ugawaji wa kasi huondoka kwenye menyu, unavifanyia kwenye ruta mama.

WISP sikukaa nayo sana kwa kuwa hatuihitaji. Inafanana na ripita kwa kuwa inapokea waifai ya nje bila waya, ila humo ndani inaunda mtandao wako binafsi. Kwa mpangaji anayepewa waifai na mwenye nyumba, nadhani ndiyo ya kwanza kujaribu: vifaa vyako vinakuwa nyuma ya ruta yako na nenosiri lako.

Kwa ujumla nimeridhika nayo, na kwa faiba ya kawaida ya nyumbani inatosha. Milango yake ya waya ni ya 100 Mbps, kwa hiyo mwenye kifurushi kinachozidi hapo atafute yenye milango ya gigabiti na bendi ya 5 GHz. Na kama una ruta ya zamani kabatini isiyo na modi ya aksesi pointi, usiitupe. Ipe anwani isiyogongana na ya ruta mama, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha chomeka waya kwenye mlango wa LAN badala ya WAN. Itafanya kazi ile ile.