Treni ya mwendokasi au ndege? Uzoefu wangu wa safari za kikazi kutoka Brussels

Mtu anayelinganisha treni ya mwendokasi na ndege kwa kutazama muda ulioandikwa kwenye tiketi atadhani kwamba ndege haina mpinzani, kwa kuwa kutoka Brussels hadi London ndege hutumia takriban saa moja ilhali treni ya Eurostar huchukua karibu saa mbili. Kwa mtu aliye kazini hesabu hiyo haina maana kubwa. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, makazi yangu ni Brussels, na kwa miaka kadhaa wateja wangu wamekuwa London, Paris, Cologne, Frankfurt na Amsterdam, na mara chache Madrid na Barcelona. Ninachokipima siku hizi ni kitu kimoja: tangu ninapofunga mlango wa nyumba yangu hadi ninapoingia kwa mteja, ni muda gani ninaoweza kuketi mahali pamoja, kompyuta ikiwa wazi mbele yangu, pasipo mtu wa kuniambia niinuke.

Kwa kipimo hicho, ndege hupoteza mengi kabla haijaruka. Kwanza kuna safari ya kwenda uwanja wa ndege wa Zaventem, kisha foleni ya ukaguzi ambapo mara nyingi hutakiwa kutoa kompyuta kwenye begi, kuvua mkanda na kuonyesha chupa zisizozidi mililita 100, halafu mwendo mrefu wa miguu hadi langoni, kungoja kuitwa, kusimama tena kwenye foleni ya kupanda, na hatimaye kuketi huku kompyuta ikiwa imefungwa mpaka ndege ipae na kutulia angani. Mhudumu akishapita na kikombe cha kahawa, rubani anatangaza kwamba tunaanza kushuka. Ukitua Heathrow bado hujafika London: treni ya Piccadilly huchukua karibu saa nzima hadi katikati ya jiji, ingawa njia ya reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, imepunguza adha hiyo. Asubuhi nzima inagawanyika katika vipande vya robo saa, na hakuna kipande hata kimoja kinachotosha kusoma taarifa ya fedha ya kampuni kwa makini.

Njia ya Brussels hadi Paris ndiyo inayoonyesha tofauti waziwazi zaidi. Treni hutumia saa moja na dakika ishirini na kidogo, ikikimbia hadi kilomita 300 kwa saa, na kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao, hakuna dirisha la uhamiaji wala mashine ya kupitisha mabegi. Mimi hufika stesheni ya Midi robo saa kabla ya treni kuondoka na hata muda huo huwa ni wa ziada. Katika daraja la juu viti hupangwa viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili, na hicho kimoja ndicho ninachokitafuta kila ninapokata tiketi, kwa sababu kina dirisha langu, meza yangu na soketi yangu ya umeme, na hakuna jirani wa kumwomba anipishe. Kwenye njia hii mashirika ya ndege yamekwisha kusalimu amri: Air France huwauzia abiria wa Brussels tiketi ambazo kipande chake cha kwanza ni treni hadi ndani ya uwanja wa Charles de Gaulle.

Kuna jambo moja ambalo treni haikupi, nalo ni faragha. Behewa ni mahali pa watu wengi waliokaa kimya, na sauti ya mtu anayezungumza na mteja kwa simu husikika hadi viti vitatu mbele na vitatu nyuma. Nimewahi kusikia mazungumzo ya ununuzi wa kampuni, majina na bei zikitajwa wazi, kutoka kwa bwana ambaye bila shaka alidhani kelele za magurudumu zinamfunika. Mswahili naye asijidanganye kwamba lugha yetu itamsitiri, maana Brussels ina Wakongo wengi, wakiwemo waliotoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, na yule mama aliyefumba macho upande wa pili wa njia huenda anaelewa kila neno. Kwangu mimi simu za kazi hupigwa nikiwa nimesimama kwenye nafasi iliyo kati ya mabehewa, na kioo cha kompyuta nimekibandika karatasi maalumu inayomzuia mtu wa pembeni kuona kilichoandikwa.

London ni habari nyingine, na hapa ndipo ushauri mwingi unaotolewa na Wazungu haumfai mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo. Uingereza haimo Schengen, kwa hiyo ukaguzi wote hufanywa kabla ya kupanda: unapitia kwa polisi wa nchi unayotoka, kisha hatua chache mbele kwa maafisa wa Uingereza, na mabegi hupitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege, ila huku vimiminiko havina kikomo cha mililita 100. Faida yake ni kwamba ukishuka stesheni ya St Pancras unatoka moja kwa moja hadi barabarani. Hasara yake ni kwamba lazima ufike mapema, yapata saa moja au zaidi kabla ya kuondoka, na afisa anayeshika kitabu chenye viza huchukua muda mrefu kuliko anayetazama pasipoti ya Mbelgiji. Mimi hujiongezea nusu saa juu ya muda wanaoupendekeza. Hata hivyo, tofauti ya saa kati ya nchi hizi humsaidia anayekwenda, kwani ukiondoka Brussels saa moja asubuhi unafika London saa mbili asubuhi kwa saa za huko, wakati ofisi nyingi hazijafunguliwa. Jioni, unaporudi, saa hiyo hiyo unadaiwa.

Anayekuja kutoka nyumbani kwa viza ya Schengen azingatie jambo hili kwa makini, kwa sababu wahudumu wa tiketi hawatamwambia. Viza ya kuingia mara moja humalizika matumizi yake pale unapotoka kwenda London, hata kama tarehe zake hazijaisha, na treni ya kurudi Paris au Brussels hutaruhusiwa kuipanda. Omba viza ya kuingia mara nyingi, pamoja na ile ya Uingereza ambayo ni maombi tofauti kabisa. Vilevile, tangu Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kusajili kwa njia ya kielektroniki wageni wasio raia wake wanapoingia na kutoka, jambo ambalo linaongeza hatua moja katika ukumbi wa stesheni ambao tayari ni mdogo. Wenye vibali vya ukazi kama mimi hatumo katika usajili huo.

Kuelekea Ujerumani, treni ya ICE, ambayo ni treni ya mwendokasi ya Wajerumani, kutoka Brussels hupita Liège, Aachen na Cologne na kufika Frankfurt kwa takriban saa tatu. Kipande cha Cologne hadi Frankfurt, kilichofunguliwa mwaka 2002, ni cha kupendeza kukitazama: reli inafuata barabara kuu ya A3, inapanda na kushuka vilima kwa mwinuko ambao treni za kawaida haziuwezi, na magari yaliyo kwenye barabara hiyo, ambayo kwa Wajerumani si magari ya polepole, yanaonekana kama yamesimama. Katika baadhi ya treni hizo kuna viti nyuma kabisa ya chumba cha dereva, vikitenganishwa naye kwa kioo tu, na ukibahatika kuvipata unaiona reli kama anavyoiona yeye. Hapo, nakiri, kazi hulala kidogo. Hata ukiwa na ari, njia ina mahandaki mengi na intaneti hukatika, kwa hiyo mafaili yapakuliwe kabla ya kuondoka.

Tatizo la Ujerumani ni saa. Shirika la reli la nchi hiyo lenyewe lilitangaza kwamba mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni zake za masafa marefu zilizofika kwa wakati, na kwa hesabu yao treni iliyochelewa chini ya dakika sita haijachelewa. Waswisi, ambao hawana mzaha na ratiba, hufikia hatua ya kuzizuia Basel, mji wao wa mpakani, baadhi ya treni za Ujerumani zilizochelewa ili zisiwavurugie njia zao. Safari isiyo na kubadilisha treni bado ninaifanya bila wasiwasi, maana kuchelewa ukiwa umeketi na kompyuta si hasara kubwa. Safari ya kubadilisha Cologne kisha Mannheim, mkutano ukiwa saa nne asubuhi, siifanyi siku hiyo hiyo. Ninakwenda jana yake jioni au ninapanda ndege.

Hispania ndiyo iliyonishangaza kuliko nchi zote. Kati ya Madrid na Barcelona kuna kilomita 621 za reli, zilizokamilika Februari 2008, na treni za haraka zaidi huzimaliza kwa takriban saa mbili na nusu, katikati ya jiji hadi katikati ya jiji. Kabla ya hapo njia hii ilikuwa miongoni mwa njia za ndege zenye shughuli nyingi zaidi duniani, ikiwa na huduma maarufu ya ndege za kupishana iliyoanzishwa mwaka 1974. Tangu kampuni ya treni ya Ouigo ilipoingia mwaka 2021 na Iryo mwaka 2022 kushindana na shirika la taifa, nauli zimeshuka na treni zimekuwa nyingi kiasi kwamba kukosa moja si msiba. Mabegi hupitishwa kwenye mashine katika stesheni za Atocha, Madrid, na Sants, Barcelona, lakini foleni husogea haraka.

Ndege inapoharibika, inaharibika kikamilifu. Shirika moja la ndege liliwahi kufuta safari ya mwisho ya jioni tukiwa tumekwisha kuketi langoni, na hapakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani usiku huo. Kusema haki, hata hivyo, sheria za Ulaya zinamlinda abiria wa ndege kwa fedha nyingi zaidi: kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, kuchelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kunampa yuro 250, isipokuwa kama sababu ilikuwa nje ya uwezo wa shirika, ilhali abiria wa treni hulipwa robo ya nauli akichelewa saa moja, na akichelewa saa mbili hulipwa nusu ya nauli. Fedha hizo ni zako, lakini anayepoteza siku ya kazi ni mwajiri, na mhasibu wetu ameanza kuliona hilo.

Zipo safari ambazo sibishani nazo. Lisbon, Warsaw na Athens ninakwenda kwa ndege. Hata Paris hadi Barcelona, ambako treni ya moja kwa moja ipo, huchukua zaidi ya saa sita, na baada ya saa nne macho huchoka na kazi inayofanyika huwa ya kujifariji tu. Nauli nayo huigeuza hesabu: tiketi ya Eurostar inayonunuliwa siku mbili kabla ya safari inaweza kuipita ya ndege kwa mbali, hivyo ofisi isiyopanga mikutano yake mapema itaona treni ni anasa.

Kwa wenzetu wanaokuja kikazi Brussels kutoka Dar es Salaam kwa KLM, ninapendekeza wasiunganishe ndege nyingine pale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Stesheni iko chini ya jengo la abiria, treni hufika Midi kwa muda usiofikia saa mbili, na kipande hicho cha reli kinaweza kuandikwa katika tiketi ile ile ya ndege, ili ndege ikichelewa kutua asubuhi, jukumu la kuwatafutia treni nyingine liwe la shirika na si lao.