Konsoli za Gemu: Zilizoumbwa Vizuri, na Zile za Kukimbia

Muuzaji atakueleza habari za picha na kasi. Umbo utaligundua mwenyewe ukishafika nyumbani, kabati la TV litakapokataa kufunga mlango. Mimi huzipanga konsoli kwa maswali matatu: joto linatokea wapi, tundu za pedi (vile vidhibiti vya kuchezea) ziko wapi, na ile sehemu inayoguswa kila siku itavunjika lini. Urembo ni swali la nne.

Namba moja naipa GameCube ya Nintendo (2001), na najua wapo watakaoguna. Ni kijisanduku chenye kishikio mgongoni, utadhani cha kubebea chakula cha mtoto. Lakini kiangalie vizuri. Tundu nne za pedi ziko mbele, mstari mmoja, hivyo watu wanne wanacheza bila kifaa cha ziada. Unabonyeza kitufe, kifuniko kinafyatuka, unaweka kidiski cha sentimita 8, unafunga. Hakuna trei, kwa hiyo hakuna mota ya trei ya kufa. Niliwahi kuwa na mashine, jina nalimeza, ambayo trei yake haikutoka mpaka uichokonoe kwa kibanio cha karatasi. Tangu hapo nazipenda za kifuniko. Ubaya wake ni kwamba haichezi filamu za DVD.

Kwa sababu hiyohiyo ya kifuniko, ya pili ni PS2 (PlayStation 2 ya Sony) nyembamba ya 2004. Ile nene ya 2000 ina trei. Hii ina kifuniko, na unene wake haufiki sentimita 3.

Kwa za sasa, ya tatu ni Xbox Series X ya Microsoft (2020). Tofali jeusi la sentimita 15 kwa 15 kwa 30, feni kubwa juu inayosukuma hewa ya moto kuelekea kule ambako ingepanda yenyewe. Kuilaza unaweza, ila kitako chake cha duara hakitoki, kinabaki ubavuni kama kovu. Na tafadhali, juu yake si meza ya kuwekea rimoti.

Switch, konsoli ya Nintendo ya kubebeka yenye skrini yake, nunua ya skrini ya OLED (2021). Ile ya 2017 inasimama kwa kijiti chembamba cha plastiki upande mmoja, meza ikitikisika tu iko chini. Ya OLED ina mguu uliotanda mgongo mzima. Kwa ya mtumba, jaribu vijiti vya pedi: mhusika akitembea wakati hujagusa kitu, achana nayo.

PS5 ya kwanza (2020) sura yake sijaizoea mpaka leo: sentimita 39 za kimo, mabawa meupe, na kitako kinachofungwa kwa skrubu. Ila vua mabawa hayo, utakuta matundu yaliyowekwa makusudi ya kunyonyea vumbi, na mahali pa kuongeza hifadhi. Aliyeichora alimfikiria mtu wa kuifanyia usafi. Ukichukua ile ndogo ya 2023, jua kwamba kitako cha kuisimamisha kinauzwa peke yake.

Sasa za mkiani. NES ya Nintendo iliyouzwa Marekani kuanzia 1985 ilitengenezwa ifanane na deki ya video: kaseti inaingia kwa mbele, kisha unaikandamiza chini. Pini za ndani zikalegea, watu wakawa wanapuliza kaseti, na unyevu wa pumzi ukazidisha kutu. Nintendo walitoa nyingine mwaka 1993, kaseti inaingia kwa juu. Tafuta hiyo.

Xbox 360 za mwanzo (2005) zilikufa kwa joto kiasi kwamba Microsoft mwaka 2007 waliongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Chukua ya 2010, yenye herufi S.

Mbovu kuliko zote ni N-Gage ya Nokia (2003), konsoli na simu kwa pamoja. Kubadilisha gemu, fungua mgongo, toa betri, chomoa kadi, rudisha betri, washa upya. Simu ikiita, unaongelea kwenye ukingo wake, kama mtu anayesikiliza sahani.

Ukienda kununua ya mtumba, omba iwashwe ichezewe nusu saa mbele yako, kisha weka kiganja kwenye tundu la hewa. Upepo wa moto ni dalili njema, maana feni inafanya kazi. Mwili ukichemka na upepo usitoke, irudishe mezani.