Fender '63 Reverb: kisanduku kilichowatenganisha wapiga gitaa wa serfu

Serfu tunayoizungumzia ni muziki unaoongozwa na gitaa, bila mwimbaji, uliovuma kusini mwa California kati ya 1961 na 1964. Ule mlio wake wa gitaa lililolowa maji haukutoka kwenye gitaa. Ulitoka kwenye kisanduku cha springi ambacho kampuni ya Fender ilianza kukiuza mwaka 1961, saketi yake ikijulikana kama 6G15. Dick Dale, mpiga gitaa maarufu wa serfu, alikuwa akitaka mwangwi wa kuibeba sauti yake anapoimba. Wapiga gitaa ndio waliokichukua na kukifanya chao. Toleo tunalolipima hapa ni lile lililorudishwa sokoni mwaka 1994 kwa kufuatisha la 1963. Siku hizi utalipata zaidi mkononi mwa watu, mtumba.

Ndani mna valvu tatu (taa za kioo za kukuza sauti), 12AX7, 12AT7 na 6V6, pamoja na tangi, yaani kasha refu lenye springi, la aina ya 4AB3C1B. Kisanduku cha zamani kilitumia 6K6 badala ya 6V6. Soketi inazipokea zote mbili, na badiliko hilo tunalipendekeza: 6K6 husukuma springi kwa upole zaidi, na mlio hauwi mkali kupita kiasi.

Nobu ni tatu. Mixer inaamua mwangwi uwe kiasi gani, Tone inaung'arisha au kuufifisha, na Dwell inaamua springi zipigwe kwa nguvu kiasi gani. Riverbu, yaani mwangwi, iliyojengwa ndani ya amplifaya kwa kawaida haina Dwell, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Anza na Mixer 4, Tone 6, Dwell 4. Chagua pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya karibu na daraja, funika nyuzi kwa ubavu wa kiganja, kisha piga noti fupi fupi kwenye nyuzi nene. Ongeza Dwell taratibu mpaka kila noti ianze na mdondoko, kama tone linaloanguka kwenye ndoo. Unasikia hivyo kwa sababu sauti nene na nyembamba hazisafiri kwa mwendo mmoja ndani ya springi, kwa hiyo hazifiki pamoja. Dwell ikivuka 7, maji yamezidi unga: mapigo ya haraka yanagandamana na wimbo unapotea.

Kipimo kizuri cha kisanduku hiki ni rekodi za watu ambao majina yao hayatajwi sana. Sikiliza "Mr. Moto" ya The Bel-Airs, ya 1961. Gitaa mbili, Paul Johnson na Eddie Bertrand, zinajibizana kavu kavu, na unasikia kila kidole. Kisanduku kilipoenea, Bertrand alikipenda, Johnson hakukitaka, na mzozo huo ulichangia kuwatenganisha. Bertrand akaunda Eddie & the Showmen, jina lililotokana na amplifaya ya Fender Showman. Sasa weka "Squad Car" yao ya 1963. Imetungwa na Johnson huyohuyo, lakini gitaa limezama. Kwa maoni yetu Johnson alikuwa na hoja, ila "Squad Car" inatikisa ukumbi. Ukitaka kusikia Mixer ikiwa juu bila wimbo kuharibika, tafuta "Baja" ya The Astronauts, pia ya 1963. Hao walitoka Boulder, Colorado, mlimani, mbali kabisa na bahari.

(Mpenzi wa taarabu aanze na "Misirlou" ya Dale, 1962. Maqam yake (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ni Hijaz Kar, na ami yake Dale alipiga udi. Sikio la Unguja halitahitaji maelezo.)

Sasa matatizo. Kisanduku hukaa kati ya gitaa na amplifaya, na amplifaya lazima iwe safi. Ukiifanya ikwaruze, mwangwi nao unakwaruzwa na unabaki na uji. Usikiweke juu ya amplifaya: spika inatikisa springi nazo zinaanza kuunguruma zenyewe. Kiweke pembeni juu ya kipande cha sponji. Kwenye jukwaa la mbao, hata hatua za mpiga besi zitasikika kama radi. Ukisikia mlio wa "mmm" usiokoma, kisogeze mbali na transfoma ya amplifaya au kigeuze, maana ncha ya tangi inayopokea sauti hunasa mlio huo. Na usikiwashe kamwe tangi likiwa limechomolewa, kwa kuwa transfoma inayolilisha inaweza kuungua.

Kingine ni umeme. Vingi vya mtumba vimetoka Marekani na ni vya volti 120. Ukikichomeka kwenye ukuta wa Dar au Nairobi unaweza kukiua papo hapo. Soma kibati cha nyuma kabla ya kulipa, na uhesabu bei ya transfoma ya kushusha umeme.

Anayepiga serfu kwa dhati anunue. Anayetaka mwangwi kidogo kwenye solo za dansi abaki na riverbu ya amplifaya yake. Aliye katikati aangalie SurfyBear: inafuata saketi hiyohiyo, ina springi za kweli, lakini inatumia transista badala ya valvu na inalishwa na adapta ya nje, kwa hiyo suala la volti linakuwa jepesi. Mdondoko wake unakaribia sana ule wa Fender. Uzito wa noti ya kwanza ndio bado tunaupa kisanduku cha valvu.