Dreadnought: stelingi anakufa mwanzoni, alafu ndo hadithi inaanza

Wote tunaijua sheria kuu ya muvi, stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, gari lilipuke yumo ndani, mwisho utamwona huyoo anatembea na vumbi mabegani. Sasa hiki kitabu kinakuulia stelingi kabla hujakaa vizuri. Dreadnought, supahiro mkubwa kuliko wote, anapigwa huko angani anadondoka nyuma ya jengo la maduka, yuko hoi anakata roho, na kimila nguvu zake lazima zirithiwe na mtu, na mtu pekee aliyepo pale ni mtoto wa miaka 15 anaitwa Danny Tozer ambaye amejificha hapo nyuma anapaka rangi kucha.

Kucha za miguu. Sio za mikono, za miguu. Mi hapo ndo nikanasa, nikarudia kusoma. Kwa sababu mikono inaonekana na kila mtu ila miguu ukishavaa soksi na viatu hakuna atakayejua isipokuwa wewe mwenyewe, kwahiyo kabla mwandishi hajakueleza chochote kuhusu Danny tayari umeshajua anaishi vipi. Kila mtu anamwona mvulana, yeye anajua ni msichana, na sehemu yote aliyoachiwa ya kuwa msichana ni kucha kumi ndani ya viatu. Nimesoma makala ndefu za kuelezea trans ni nini na hakuna hata moja iliyonielewesha kama zile kucha.

Aliyeandika ni April Daniels, mwenyewe ni trans, na kitabu kilitoka 2017. Ni riwaya, sio katuni, msije mkatafuta picha.

Basi, Dreadnought anakufa, nguvu zinaingia kwa Danny, na zikishaingia zinamtengeneza mwili upya uwe ule ambao moyoni alikuwa anautaka siku zote. Anaamka msichana. Kweli kweli, sauti, sura, kila kitu. Na niseme ukweli hapa nilikunja uso. Nikasema ah, kumbe ni hivi, muujiza, tatizo limeisha ukurasa wa kumi na ngapi sijui, sasa tutasoma nini mpaka mwisho? Maana watu trans wa kweli hakuna anayeangukiwa na supahiro, kuna miaka ya kusubiri, kuna madaktari, kuna makaratasi, na huyu kapewa yote kwa dakika moja.

Nilikosea. Muujiza unamaliza kitu kimoja tu, alafu anarudi nyumbani.

Baba yake Danny ni mtu wa kufoka. Sio mlevi, sio jambazi, ni baba wa kawaida tu anayefoka, na nyumba nzima imejipanga kulingana na hasira zake, mnajua zile nyumba ambazo gari likisikika nje kila mtu anaanza kukaa vizuri. Sasa mtoto wake "wa kiume" kageuka msichana na yeye hajui sababu (Danny hasemi kuhusu nguvu, na nadhani mngekuwa nyie msingesema pia), kwahiyo kwake huu ni ugonjwa, unatakiwa dawa, mtoto apelekwe kwa madaktari arudishiwe homoni za kiume awe kama zamani. Hamuulizi mtoto hata mara moja. Anapanga kama mtu anayepeleka gari gereji.

Na Danny anaweza kuruka. Anaweza kumnyanyua huyo baba kwa kidole kimoja akamweka juu ya paa. Ila mezani anatetemeka, anaangalia chini, anaomba msamaha kwa makosa ambayo hajayafanya. Nilikuwa nasoma nasema mjibu basi! hajibu. Miaka 15 ya kufokewa haiondolewi na misuli. Mi sijawahi kuona supahiro akiandikwa hivi. Tumezoea nguvu zikija na woga unaondoka siku hiyo hiyo, hapa nguvu zimekuja na woga umekaa pale pale umekunja nne.

Alafu kuna David, rafiki yake wa siku zote. Huyu hata hafoki. Danny anamfuata akijua angalau huyu ataelewa, na jamaa anaelewa haraka mno, kidogo tu anaanza kumwangalia kwa jicho lingine na kuongea kama vile ana haki ya kuwa na Danny kimapenzi, eti si walikuwa marafiki miaka yote. Ni sehemu fupi, ila wadada wakisoma watacheka kile kicheko cha uchungu. Karibu kwenye usichana Danny, mapokezi ndo hayo.

Supahiro wenzake sasa. Kuna kikosi kinaitwa Legion Pacifica, ulidhani watampokea kwa shangwe. Wanakaa kikao! Wanajadili kama mtoto aruhusiwe kutumia hilo jina la Dreadnought. Kuna Doc Impossible ambaye ni kama shangazi kila mtu angemtaka, anamsaidia bila maswali mengi, na kuna Graywytch, mchawi wao, ambaye anashikilia kwamba Danny ni mvulana aliyeiba kitu kisicho chake. Huyu mama nilimchukia kuliko adui mwenyewe. Adui anaitwa Utopia, ana mipango ya kuteketeza sijui nini, sawa. Lakini Graywytch yuko upande wa wema, anaokoa watu, anaheshimika, na kwenye kikao anaongea kwa utulivu kabisa huku anamfuta mtoto aliyekaa mbele yake.

Hapa nina kisa kidogo. Nilikuwa namhadithia mdogo wangu hiki kitabu, kwa Kiswahili kama kawaida yetu, nikafika kwa Graywytch nikakwama. Kwenye Kiingereza tusi lake lipo kwenye kaneno kamoja kadogo, anamwita Danny kwa kile kiwakilishi cha kiume, "he", makusudi, tena na tena, na kila akikatamka ni kibao. Mi nasema "akamwambia yeye hawezi kuwa Dreadnought" mdogo wangu ananiangalia, ndio, sasa tusi liko wapi? Halipo! Yeye ni yeye, alikuja, alisema, hakuna mume wala mke hapo. Ikabidi nianze kuongeza "anamwita mvulana, makusudi, mbele ya watu" ndo akasema ahaaa. Nikawaza, lugha yetu hata Graywytch angepata shida kuitumia, ingebidi atafute neno zima la kumtukana mtu badala ya kujificha kwenye sarufi. Sio kwamba hatuna maneno ya kutukania watu trans, tunayo ya kutosha, ila hiyo njia ya kichinichini hatuna.

Turudi. Kwa wanaosema haya mambo ya supahiro trans yameanza juzi, hapana, yameanza zamani, ila yalikuwa yanapita dirishani. Marekani kulikuwa na kanuni za katuni tangu 1954 zilizokataza hata kuyagusia masuala ya namna hii, kwahiyo waandishi wakawa wanaweka watu wanaobadilika maumbo, viumbe kutoka sayari nyingine, vitu vya kujificha hivyo. Kanuni zilipolegea wakaanza kujaribu na wengine waliharibu. 1992 kwenye katuni ya Legion of Super-Heroes tunaambiwa Shvaughn Erin alikuwa anatumia dawa kuwa mwanamke kwa sababu ya kumpenda Element Lad, supahiro wa kiume, dawa zikakosekana akarudi kuwa mwanaume. Yaani yote yale kwa ajili ya bwana. Weka hiyo pembeni ya Danny na kucha zake ambazo hakuna hata mtu mmoja alitakiwa azione, uone tofauti. Mwaka uliofuata tu, 1993, Rachel Pollack ambaye naye alikuwa trans akaleta supahiro trans Kate Godwin kwenye katuni ya Doom Patrol namba 70, anayeyusha vitu kwa mkono na kuvigandisha, na hakuwa mwanamke kwa ajili ya bwana yeyote. Mnaona kinachobadilika akiandika mtu anayejua.

Kwenye runinga ninayemkubali ni Nia Nal wa tamthilia ya Supergirl, alianza 2018, kachezwa na Nicole Maines ambaye ni trans kweli. Na pale wamepita njia ya tofauti na Dreadnought, Nia tunamkuta tayari ni mwanamke, hakuna muujiza wa mwili. Nguvu za kwao za kuota yajayo zinatoka kwa mama kwenda kwa binti, na dada yake Maeve kajiandaa maisha yake yote kuzipokea, alafu zikaenda kwa Nia. Tena bila kelele, nguvu zenyewe zimechagua zikamtambua yeye ni binti. Maeve kwa uchungu anamwambia maneno ambayo kweli yanakata, na ni dada anayempenda. Kama riwaya ndefu sio zako anzia hapo. Maines baadaye akaandika mwenyewe kitabu cha picha cha huyo huyo Nia, kilitoka 2024.

Mapungufu sasa maana yapo. Mapigano ya mwisho ni marefu mpaka niliruka kurasa, jengo linaanguka, lingine linaanguka, sawa tumeelewa. Mama yake Danny nilimtaka zaidi, anakaa katikati ya mume na mtoto na nahisi ana hadithi yake ambayo hatukupewa. Na lile suala la muujiza bado linanikera kidogo, msomaji trans ambaye hana wa kumwangukia kutoka angani anaweza kufunga kitabu akiwa na wivu kuliko faraja, na sitamlaumu.

Pia angalizo, kama umekulia kwenye nyumba ya kufokewa usisome usiku peke yako. Sitanii.

Nampa nyota nne. Muendelezo unaitwa Sovereign, ulitoka mwaka huo huo, nimeshaufungua. Mdogo wangu naye kakichukua cha kwanza baada ya lile zogo la viwakilishi, jana kafika pale baba anapanga habari za madaktari, kanitumia meseji ya maneno mawili: "Huyu baba!" Leo kaniuliza kama rangi ya kucha ikiwa ndani ya soksi haichubuki.