Mvinyo wa Dodoma ni mzuri, aliyetumiminia ndiye aliyetuudhi

Anayetoka Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Tarangire kwa gari lake atapita Dodoma apende asipende. Atavuka bwawa la Mtera, atafika makao makuu ya nchi, kisha atashika barabara ya Kondoa hadi Babati, na siku hizi njia hiyo yote ni lami. Kwa mtu aliyekwisha kula vumbi la Hifadhi ya Ruaha na ambaye bado ana tembo wa Tarangire mbele yake, kusimama kwenye mashamba ya mizabibu ni pumziko la haki kabisa, tena lisilomfilisi. Ndivyo nilivyoamini tulipoondoka nyumbani, na hata sasa sijaacha kuamini hivyo. Lakini kuna kiwanda kimoja cha mvinyo, ambacho sitakitaja jina, kilichotutendea jambo ambalo siwezi kulinyamazia.

Tulikuwa mimi, mume wangu na wifi yangu, ambaye hagusi kilevi na ndiye aliyekuwa ameshika usukani mchana ule. Tulilipa ada ya kuonja kwa simu, bei iliyobandikwa mlangoni ikiwa moja kwa watu wote, tukaingia katika chumba kizuri chenye meza za mbao na madirisha mapana. Kijana wa mapokezi hakutusalimu. Aliendelea na mazungumzo yake ya simu mpaka yalipokwisha, kisha akachukua chupa iliyokuwa imesimama kwenye kizingiti cha dirisha, juani, bila kizibo, akatumiminia. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona utando wa zambarau uliokaukia shingoni mwa chupa na vijidudu vidogo vilivyokuwa vikiuzunguka mdomo wake. Kabla sijainua glasi nilikwisha kunusa siki.

Mtu hahitaji kuwa mtaalamu ili alitambue hilo. Mvinyo ulioachwa wazi ukapigwa na hewa na joto hugeuka siki, na jua la Dodoma la saa saba si la kuchezewa. Nikamwuliza kwa upole, "Kijana, chupa hii ilifunguliwa lini?" Akanijibu bila kunitazama, "Mama, mvinyo ndivyo ulivyo. Labda hujauzoea." Nikamwuliza umetengenezwa kwa zabibu gani, nikitumaini kwamba tungeanza upya mazungumzo yetu kwa njia njema, akasema ni zabibu nyekundu tu.

Yote hayo pengine ningeyameza. Lakini dakika chache baadaye liliingia gari la watalii kutoka ng'ambo, na kijana yuleyule akabadilika kabisa: alisimama wima, akatabasamu, akafuta glasi moja moja kwa kitambaa, akatoa chupa mpya kwenye jokofu na kuifungua mbele yao. Nikaomba na sisi tumiminiwe katika ile. Akasema, "Hiyo ni ya wageni." Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akamwuliza, "Na sisi ni akina nani?" Hakupata jibu. Tulipoomba kumwona meneja tuliambiwa ametoka, na ada yetu haikurudi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumetoka hifadhini, mahali ambapo raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni, na bado simba anayeonyeshwa ni yuleyule. Askari wa lango la Ruaha alitusalimu kana kwamba alikuwa akitusubiri. Inakuwaje basi kiwandani, ambako sote tumelipa bei moja, Mtanzania apewe masalio ya chupa na mgeni apewe chupa iliyofunguliwa sasa hivi, tena ndani ya nchi yake na kwa zabibu zilizolimwa na ndugu zake?

Na hao ndugu zake tulikuwa tumewaona. Tulipokuwa tukiingia Dodoma kwa barabara ya Iringa, upande wa Mpunguzi, tulielekezwa kwa mama mmoja anayelima zabibu na kutengeneza mvinyo kidogo nyumbani kwake. Alitupokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akatupa viti kivulini, akaosha glasi mbele ya macho yetu ndipo akamimina. Alitupeleka shambani akatuonyesha jinsi anavyopogoa mizabibu baada ya mavuno, kwa sababu Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za baridi zinazosifika kwa mvinyo haziwezi. Alijua kila mche wake. Zabibu zake nyekundu ni zile ziitwazo Makutupora, na alitueleza kwamba kilimo hiki kililetwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana, si mbali na hapo, kabla hakijawa cha kila mwenye jembe. Alitueleza pia linalomnyima usingizi: zabibu zikiiva hazimsubiri mnunuzi, na asipompata kwa wakati zinamwozea mkononi, kwa hiyo analazimika kuzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa lita, kwa bei anayoipanga mwingine.

Sitadai kwamba mvinyo wake hauna kasoro. Ulikuwa mtamu kuliko ninavyopenda, ulikuwa na mashapo, na lebo ilikuwa imebandikwa upande. Lakini ulikuwa mzima, ulikuwa na harufu ya tunda, na chupa nzima haikufika shilingi 10,000. Ningelipa zaidi kwa moyo mweupe. Ndiyo maana chupa ile ya dirishani ilinikasirisha kupita kiasi cha glasi moja iliyoharibika: ndani yake mlikuwa na jasho la mtu kama mama huyu, limeachwa juani lichache, halafu anayelionja anaambiwa kwamba tatizo ni ulimi wake.

Nilikwisha kuamua kuandika kwamba kiwanda kile kisikanyagwe na mtu. Lakini wifi yangu, kabla hatujaonja chochote, alikuwa amenunua dukani mwao chupa moja ya mvinyo mwekundu ili ampelekee rafiki yake, na jioni tulipofika kambini, nje ya lango la Tarangire, akatupatia tuifungue. Sina budi kusema kweli: ulikuwa mvinyo mzuri sana. Mkavu, wenye uzito, usiokwaruza koo, na kwa bei yake sijawahi kupata wa kutoka nje unaoufikia. Nilifurahi, kisha nikakasirika upya, kwa sababu inaonyesha kwamba mtengenezaji anajua kazi yake vizuri kabisa, ila kazi hiyo inaharibiwa katika hatua ya mwisho na mtu ambaye hakufundishwa hata kurudisha kizibo.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia wasomaji wasinunue mvinyo wa kiwanda kile. Wanunue, madukani Dodoma mjini umejaa. Kwa kuonja, waende kwa wakulima wadogo wa barabara ya Iringa, wapige simu mapema, na wamwache dereva anywe maji, kwani njia ya Kondoa ina kona na ng'ombe. Wakiamua kuingia kiwandani, wadai chupa ifunguliwe mbele yao kabla ya kulipa. Mume wangu anasema safari ijayo tupitie tena pale tuone kama wamejirekebisha. Mimi bado sijakubali, na sitakubali mpaka nisikie kwamba kijana yule amefundishwa kumsalimu mteja kabla ya kumtazama rangi.